Kingamwili tatu zenye nguvu moja, kila moja na tabia yake

Swali la msomaji wa Pemba:

"Shikamoo Mwalimu. Ni mtaalamu wa maabara, kwetu Chake Chake, na sasa nasoma shahada ya uzamili. Nimepewa kingamwili tatu za panya zinazokamata HRP2, protini ya vimelea vya malaria, tuone ipi inafaa kutengenezea kipimo cha haraka. Kwenye ELISA zote tatu zinakamata kwa nguvu zinazokaribiana. Lakini ya kwanza nikiitia kwenye friji inafanya ukungu, ya pili inachora mstari hafifu hata kwa damu isiyo na vimelea, na ya tatu haina tatizo. Msimamizi wangu ameniambia nichunguze sura ya nje ya kingamwili kwa kromatografia, khasa ile ya HIC. Tuna mashine moja ya HPLC na kolamu chache. Kolamu hizi zinaniambia nini, na nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Kwa wasomaji wengine niseme kwanza: kingamwili ni protini inayokamata kitu kimoja maalumu, na ELISA ni kipimo cha maabara kinachoonesha inakamata kwa nguvu gani. Kromatografia ni kusukuma protini, kwa mashine ya HPLC, ndani ya kolamu, yaani bomba lililojazwa shanga ndogo, tuone inatoka baada ya muda gani. HIC ni aina yake inayopima mafuta yaliyo kwenye ngozi ya protini, nami nitaieleza mbele. Swali lako limenifurahisha, maana umeshaliona kwa macho jambo ambalo wengi hulisoma tu kwenye vitabu: kingamwili inaweza kukamata vizuri na bado isifae. ELISA imekwambia kwamba ncha za mikono yake, zile zinazokamata, zinafanya kazi. Haikukwambia lolote juu ya mwili uliobaki, na mwili huo ndio unaogusana na maji, na plastiki ya kichupa, na utepe wa nitroselulosi (ile karatasi ya kipimo cha haraka), na kingamwili wenzake.

Kuna jambo moja nataka ulishike tangu sasa. Kolamu haikupi picha ya ngozi ya kingamwili. Inakupa khabari ya mkutano: ngozi hiyo ilipokutana na kitu fulani, katika maji yenye chumvi kiasi fulani na joto kiasi fulani, ilikaa muda gani kabla ya kuachia. Ukibadilisha kitu, au chumvi, au joto, umebadilisha mkutano, na jibu linaweza kubadilika. Nimesoma tasnifu kadhaa zinazosema kingamwili fulani "inaogopa maji" kuliko nyengine kwa sababu ya kolamu moja ya butili, yaani shanga zake zimepandwa vijimkono vya mafuta vya aina hiyo, iliyotumika siku moja. Weka kolamu ya fenili, vijimkono vya aina nyengine, pale pale, na mpangilio unaweza kugeuka. Wala hakuna kolamu iliyosema uongo hapo. Kila moja imejibu swali iliyoulizwa.

Ngozi yenyewe ikoje? IgG, tabaka la kingamwili zinazotumika sana, ina uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 150,000 hivi, minyororo minne, miwili mizito ya 50,000 na miwili myepesi ya 25,000, imejikunja kwa umbo la herufi Y. Shina la Y hufanana baina ya kingamwili za tabaka moja. Tafauti kubwa ziko kwenye ncha, vitanzi sita kwa kila mkono. Protini inapojikunja, asidi amino zenye asili ya mafuta, kama lusini na fenilalanini, hujificha ndani, na zenye chaji hubaki nje zikizungumza na maji. Lakini vitanzi vya ncha vina kazi ya kukamata, na ukitaka kukamata lazima utoe mkono. Kwa hiyo mara nyingi huacha triptofani au tirosini nje, wazi, zikiwa zimekusanyika pahali pamoja. Hicho ni kiraka cha mafuta. Pengine hukusanyika lisini na arjinini, hapo una kiraka cha chaji chanya. Kingamwili mbili zinaweza kuwa na jumla sawa ya mafuta na jumla sawa ya chaji, lakini moja imezitawanya na nyengine imezirundika. Tabia hufuata rundo.

Sasa kabla hujawasha mashine, nakuuliza: zilisafishwaje? Kingamwili za panya zinazotokana na haibridoma (seli chotara zinazotoa kingamwili ya aina moja tu), mbinu ya Köhler na Milstein ya mwaka 1975, nyingi huwa ni IgG1, tawi moja la IgG, na IgG1 ya panya hushika kwa ulegevu protini A, protini ya bakteria inayobandikwa kwenye shanga ili kuvua kingamwili. Ndiyo maana wengi hutumia protini G, mwenzake wa kazi hiyo hiyo. Vyote viwili huachisha kingamwili kwa asidi, pH 3 au chini yake, na hapo ndipo baadhi ya kingamwili huumia. Hujifungua kidogo, mafuta ya ndani yanatoka nje, na zinashikana kabla hujatia bufa (maji yanayoshikilia pH) ya Tris kuzituliza. Ukiipima kingamwili iliyokwisha kuumia utasema ngozi yake ni mbaya, kumbe ubaya umetokana na dakika kumi za kukaa ndani ya asidi. Tia Tris kwenye vichupa kabla tone la kwanza halijaanguka.

Hizo shanga za kolamu ya protini G, kwa mkono wa pembeni, mara nyingi ni agarozi, na agarozi inatoka kwenye mwani mwekundu. Wanafunzi wangu wa Unguja hufurahi wakisikia hivyo, wakadhani ni mwani wa kina mama wa Paje na Jambiani. Siyo. Spinosum na cottonii wanaolimwa kwetu tangu mwaka 1989 hutoa karajinani, ambayo ina salfeti nyingi zenye chaji hasi na ingeshika kila protini yenye chaji chanya inayopita. Agarozi hutolewa kwenye Gelidium na Gracilaria, na sifa yake kubwa ni kwamba haina la kusema: protini hupita bila kushikwa. Uone namna mada yako ilivyo hata katika mwani.

Kolamu ya kwanza iwe ya ukubwa, SEC. Shanga zake zina vitundu. Mabonge hayaingii vitunduni, yanapita pembeni na kutoka mwanzo, kisha hutoka kingamwili mojamoja, na vipande vidogo vinavyopotelea vitunduni hutoka mwisho. Kwa kolamu ya kawaida ya milimita 7.8 kwa 300, ukisukuma mililita moja kwa dakika, IgG moja hutoka kwenye dakika ya 8 au 9 hivi, na pacha wa daltoni 300,000, yaani kingamwili mbili zilizoshikana, anatangulia. Pima kwa mwanga wa nanomita 280. Suluhisho la IgG la miligramu 1 kwa mililita husoma ufyonzaji wa mwanga wa 1.4 hivi kwenye kijisanduku cha sentimita moja, nalo litakusaidia kujua umeingiza kiasi gani.

Kazi hiyo kila mtu anaijua. Wachache tu hutumia SEC kama kipimo cha kunata. Kwa kanuni, kolamu hii hutenganisha kwa ukubwa pekee. Kingamwili mbili za daltoni 150,000 zitoke pamoja. Ikiwa moja inachelewa nusu dakika na kilele chake (ule mlima unaochorwa na mashine protini inapotoka) kinaburura mkia, haikupungua uzito, imeshikwa njiani. Na unaweza kujua imeshikwa na nini kwa kuchezea chumvi tu. Kolamu nyingi za SEC za HPLC zimejengwa juu ya silika, na silika hubaki na chaji hasi kidogo. Endesha sampuli kwenye fosfeti yenye chumvi ya mezani kidogo, milimola 50, kisha rudia kwa milimola 300. Ikiwa kuchelewa kumeondoka, iliyokuwa ikishika ni chaji. Ikiwa kuchelewa kumezidi, basi ni mafuta, maana chumvi huzima mvuto wa chaji lakini huukoleza mshikamano wa mafuta. Kisha tia arjinini milimola 200, asidi amino inayolegeza kunata, uone kama kilele kinanyooka. Kwa kolamu moja na bufa tatu umeshapata nusu ya jibu, na wewe umesema kolamu zako ni chache.

Twende kwenye HIC, kolamu uliyotajiwa.

Umewahi kuangalia tui likichemka bila ya kukorogwa? Linakatika: mafuta yanajitafuta, yanaungana, maji yanabaki upande wake. Mafuta ya tui hayakuvutana kwa chaji. Ni maji ndiyo yaliyoyasukuma pamoja, kwani maji hupenda kushikana yenyewe kwa yenyewe na hupata taabu kuzunguka kitu chenye mafuta. Kiraka cha mafuta kwenye kingamwili kipo katika hali hiyo hiyo. Katika maji ya kawaida kingamwili huvumilia, kwani sehemu kubwa ya ngozi yake inapenda maji. Ukitia chumvi kama amoniamu salfeti, salfeti inajikusanyia maji, na yale yaliyokuwa yakizunguka kiraka yanaona nafuu yaachane nacho. Kiraka kinatafuta pa kujibanza. Ndani ya kolamu ya HIC pa kujibanza ni mikono mifupi ya butili au fenili iliyopandwa juu ya shanga, michache na iliyoachana, ili isije ikaikunjua protini nzima.

Si kila chumvi inafanya hivyo kwa nguvu moja. Franz Hofmeister aliyapanga haya huko Prague mwaka 1888 kwa kutumia ute wa yai: salfeti na fosfeti hutenga protini vizuri, kloridi ni wa katikati, na thiosianeti huenda kinyume, huyeyusha. Mwanakemia Tiselius wa Sweden alionesha mwaka 1948 kwamba chumvi huweza kushikisha protini kwenye kitu kigumu bila ya kuitenga kabisa. Jina la HIC tunalolitumia leo alilitoa Hjertén, naye wa Sweden, mwaka 1973. Amoniamu salfeti hii ni ile ile inayouzwa kwa wakulima kwa jina la SA, lakini usithubutu kuitumia ya mbolea. Nunua safi ya maabara.

Namna ya kuendesha: bufa A iwe amoniamu salfeti mola 1 ndani ya fosfeti milimola 25, pH 7. Bufa B iwe fosfeti peke yake. Ingiza mikrogramu 5 hadi 20, anza kwa A, ushuke polepole hadi B kwa dakika 20. Chumvi inavyopungua, kiraka kidogo kinaachia mapema na kiraka kikubwa kinaachia mwisho. Kingamwili inayotoka mwanzo ina ngozi yenye maji. Inayotoka mwisho ina mafuta. Sampuli nayo itiwe chumvi kabla ya kuingizwa, vyenginevyo itapita katikati bila ya kushika na utapata vilele viwili vya kitu kimoja. Itie polepole, huku ukitikisa. Utaona kwa macho: tone la chumvi likianguka hufanya uzi mweupe ndani ya kichupa, kisha uzi unapotea. Usipopotea, simama. Hiyo kingamwili imeanza kutengana, na ukiingiza mawingu ndani ya kolamu umeharibu siku yako. IgG nyingi hutengana chumvi ikifika asilimia 40 hadi 50 ya ujazo kamili, yaani karibu na mola 2, lakini yenye viraka vikubwa haisubiri hapo. Na kiwango kile ilichoanza kutengana, kiandike. Ni jibu la ngozi bila ya mashine yoyote.

Joto sasa, khasa kwa sisi wa visiwani. Mshikamano wa mafuta huzidi joto likizidi. Kolamu iliyoendeshwa saa mbili asubuhi na ile ile iliyoendeshwa saa nane mchana, kiyoyozi kikiwa kimezimika, hazitoi muda mmoja. Ukizipima kingamwili zako mbili asubuhi na ya tatu mchana, unaweza kuandika tafauti ambayo ni ya jua, si ya kingamwili. Ikiwa mashine yako ina oveni ya kolamu, iweke nyuzi 30, kwani nyuzi 25 huenda isiweze kuzishika wakati wa kaskazi ikiwa oveni haina upoozaji. Ikiwa mashine haina oveni, funga kolamu kwenye bahasha ya maji yanayozunguka, au angalau endesha zote tatu mfululizo na uirudie ya kwanza mwishoni.

Kisha angalia kilichobaki ndani. Hili wengi hulisahau. Kingamwili mbaya kuliko zote inaweza isionekane kabisa: imeshika moja kwa moja, haikutoka, na kwenye karatasi unaona kilele kidogo kizuri cha ile sehemu iliyotoka. Mtu asiyejua atasema ni nzuri. Ingiza kiasi kile kile bila ya kolamu, pima eneo la kilele, ulinganishe. Ikiwa imetoka asilimia 60 tu, muda wa kilele usiuamini peke yake. Osha kolamu kwa maji, halafu kwa maji yenye isopropanoli asilimia 20, uone kinachotoka. Lakini isopropanoli isikutane na salfeti ya mola 1 ndani ya mabomba. Lazima maji yapite katikati, la sivyo chumvi itaganda humo humo.

Chumvi kuganda nimeshaiona karibu. Nikiwa mwanafunzi niliondoka jioni nikaacha bufa ya salfeti ndani ya pampu, nikidhani nitaendelea asubuhi. Asubuhi kichwa cha pampu kilikuwa kimeota maua meupe, magumu kama chumvi ya mawe. Nilipowasha, pistoni ilizisaga fuwele zile dhidi ya mpira wake, mpira ukachanika, presha ikawa inapanda na kushuka kama mtu anayehema. Wiki tatu tulisubiri mpira mpya kutoka ng'ambo, na wenzangu wawili walikwama pamoja na mimi. Tangu hapo HIC yangu huisha kwa maji nusu saa, haidhuru ni usiku. Na maji yawe yaliyosafishwa. Visima vyetu vinatoka ndani ya mawe ya matumbawe, unaona mwenyewe utando mweupe wa birika. Chokaa ile ikikutana na fosfeti inafanya vumbi linaloziba kila kichujio.

Msije mkachanganya HIC na ile kromatografia inayotumia asetonitrili, kiyeyushi cha maabara, ijapokuwa zote zinasemwa kuwa za mafuta. Asetonitrili na asidi huikunjua protini, kwa hiyo kinachopimwa ni mafuta ya ndani pia. Wewe unataka ngozi, na ngozi inapimwa protini ikiwa hai, imejikunja.

Chaji inataka kolamu yake, ya kubadilishana ayoni chanya, CEX. Shanga zina chaji hasi, kingamwili inashika kwa upande wake wa chaji chanya, kwenye pH 6 hivi, na unaiachisha kwa kupandisha chumvi ya mezani. Hapa utaona kitu kitakachokushangaza: sampuli moja, safi kwenye SEC, inatoa kilele kikubwa chenye vidogo mbele na nyuma. Siyo uchafu. Asparajini moja ikigeuka kuwa asidi aspatiki inaongeza chaji hasi moja, na kingamwili hiyo inatoka mapema. Sukari ikijibandika juu ya lisini, pia mapema. Lisini ya mwisho wa mnyororo mzito ikibaki bila ya kukatwa, inatoka baadaye. Ukitia kimeng'enya cha kaboksipeptidesi B, kinachoikata lisini hiyo, kilele hicho kinahamia katikati, na umeshathibitisha. Kumbuka tu kwamba CEX inaona upande ulioelekea shanga. Kingamwili yenye jumla ndogo ya chaji chanya lakini imeirundika pahali pamoja huweza kushika kuliko yenye jumla kubwa iliyotawanyika. Ukitaka jumla, tumia jeli ya kutafuta nukta ya isoelektriki (pH ambayo jumla ya chaji ya protini ni sifuri), kisha weka matokeo mawili ubavu kwa ubavu. Pale yanapopishana ndipo penye kiraka.

Nije kwa kingamwili zako.

Ile ya kwanza, yenye ukungu. Naona msimamizi wako ameifikiria HIC kwa ajili yake, nami kwa heshima natafautiana naye kidogo. Nimekwambia mshikamano wa mafuta huzidi kwa joto. Ikiwa ukungu unakuja kwenye baridi na kuondoka kwenye joto, mafuta siyo mshukiwa wangu wa kwanza. Toa kichupa kwenye friji, kifumbate kiganjani dakika kumi. Ukungu ukiyeyuka, hizo ni kingamwili nzima zinazovutana kwa ulegevu, na mara nyingi kinachovuta ni kiraka chanya cha moja kwa kiraka hasi cha mwenzake, khasa ikiwa bufa yako haina chumvi ya kutosha au pH yake iko jirani na nukta ya isoelektriki. Tia chumvi ya mezani mpaka milimola 150, kisha 300, urudishe friji. Ikibaki safi, umeipata. Badilisha bufa, na kingamwili hiyo huenda ikawa nzuri kabisa. Lakini ukungu usipoyeyuka, hayo ni mabonge ya kweli. Yazungushe kwenye sentrifuji, pima kilichobaki juu, pitisha SEC, na urudi kwenye lile suala la asidi.

Ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu ya mahali kipimo kitakapotumika. Unguja na Pemba malaria imeshuka sana. Fanya hesabu hii, ni mfano tu: watu 1,000 wanapimwa, wenye vimelea ni 5. Kipimo kikichora mstari wa uongo kwa watu 2 katika kila 100, hao ni 20 hivi wasio na vimelea watakaoambiwa wanavyo. Katika kila watano watakaopewa dawa, wanne hawana malaria, na homa yao ya kweli, ya nimonia au ya mkojo, haikutafutwa. Kwa hiyo mstari ule hafifu usiudharau hata kama unaonekana kwa kuinamisha utepe kwenye taa.

Kwenye kipimo cha haraka kingamwili moja hupakwa kwenye mstari, na nyengine hubeba chembe za dhahabu zinazoutia mstari rangi HRP2 ikiziunganisha hizo mbili. Mstari wa uongo maana yake kingamwili iliyobeba dhahabu imeshika mstari bila ya HRP2 kuwepo katikati. Imenata kwenye nitroselulosi, au kwenye kingamwili iliyopakwa pale. Hapa HIC ina haki yake, na natarajia kilele chake kichelewe kuliko cha ya tatu. Isipochelewa, usishangae, huenda ni kiraka cha chaji chanya, na CEX itasema. Lakini mkutano unaofanana zaidi na shida yako ni kolamu ambayo utaitengeneza mwenyewe. Chukua shanga za agarozi zilizotiwa dawa ya kushika protini, uzibandike ile kingamwili unayoipaka kwenye mstari wa kipimo, uzibe nafasi zilizobaki kwa ethanolamini. Tengeneza kolamu nyengine ndogo isiyo na kingamwili, imezibwa tu. Pitisha kingamwili zako tatu kwenye zote mbili, katika bufa ile ile ya kipimo, polepole, mililita 0.1 kwa dakika. Kuchelewa kwenye ya kwanza ukitoa kuchelewa kwenye ya pili ndiko kunata kwenyewe. Watengenezaji wa dawa hufanya hivi kwa kubandika IgG mchanganyiko za binadamu. Wewe usiige hapo; mstari wako hauna IgG ya binadamu, una ya panya.

Na kwa kuwa kipimo chako kinatumia dhahabu, chembechembe zenyewe ni mizani nzuri na rahisi. Dhahabu ya koloidi ni nyekundu kama juisi ya rozela. Ikishikana inageuka zambarau, kisha buluu. Ipake kingamwili kwa viwango na pH mbalimbali, tia chumvi ya mezani, soma kwenye spektrofotomita baina ya nanomita 500 na 700. Kingamwili inayonata kwa wenzake inaivuta dhahabu kuelekea zambarau mapema. Hiyo siyo mbinu ya kutenganisha, lakini inakaa vizuri karibu na matokeo ya kolamu, na inataka mikrolita chache tu.

Utakuta makala nyingi juu ya haya zimeandikwa kwa ajili ya dawa za sindano, usipotee humo. Wenzetu wa dawa wana sababu nzito. Kingamwili ya kuzuia malaria, CIS43LS, ilipojaribiwa Mali na matokeo kutolewa mwaka 2022, kiwango kilichozuia maambukizo kwa asilimia 88 kilikuwa miligramu 40 kwa kilo ya mwili, kwa mshipa. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 2.4 za protini. Ukitaka kuiweka chini ya ngozi ya mtoto kwa mililita moja au mbili, lazima kingamwili ikubali kujazana bila ya kuwa nzito kama asali. Ndiyo maana mwaka 2017 Jain na wenzake walizipitisha kingamwili 137 zilizofika kwenye majaribio ya binadamu katika vipimo 12, HIC ikiwemo, na wakaona zile zilizokwisha kuidhinishwa kwa jumla zilikuwa na dosari chache. Soma kazi hiyo kwa jambo moja: angalia namna vipimo vyao vinavyojigawa kwa makundi, vya mafuta huku, vya kunata kule, vya uimara wa joto pengine. Viwango vyao vya kukubali na kukataa viache. Utepe wa nitroselulosi si damu ya binadamu.

Mpangilio wangu kwako ni huu. Siku ya kwanza kiganja na chumvi, bila ya mashine. Kisha SEC kwa bufa tatu. Kisha HIC, zote tatu siku moja, ukiifanya ile ya tatu isiyo na tatizo kuwa kipimio chako: iendeshe mwanzo, katikati na mwisho, na muda wa wengine uuandike kwa kulinganisha nayo, si kwa dakika tupu. CEX baadaye. Kolamu ya mstari wako iwe ya mwisho, maana itakula kingamwili nyingi na ungependa kwanza ujue unatafuta nini. Kwa kila mzunguko andika joto la chumba, namba ya kolamu, tarehe ya bufa na asilimia iliyotoka.

Na kabla ya yote, gawa kila kingamwili katika vichupa vidogo vya mara moja, usiwe unayeyusha na kugandisha kile kile. Waliokuwa na friji Unguja wakati umeme ulipokatika kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua sampuli iliyoyeyuka ikagandishwa tena inavyokuwa. Kila kuyeyuka kunaongeza mabonge, na utajikuta unapima friji yako. Nitumie vilele vya SEC ukishavipata, pamoja na vile vya bila ya kolamu, nami nitavitazama.